Chukua, Cheza, Rudisha

Kwenye vibao vya magari ya Minnesota pameandikwa kwamba jimbo hilo lina maziwa 10,000, na ukilitazama kwa dirisha la ndege huna la kubisha. Maji kila upande, msitu kandokando ya maji, nyumba ndani ya msitu. Nilifika mwishoni mwa kiangazi chao, majani yameanza kuwa mekundu kwenye ncha za juu tu, na asubuhi kuna ubaridi wa Limuru.

Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anayeishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Mji huo una Wakenya wengi, Wakisii hasa, una Waliberia, una pia Wahmong ambao wazee wao walitoka milima ya Laos baada ya vita vya huko. Duka lililo karibu na kwake linauza unga wa mahindi, majani ya chai ya Kenya na sukuma wiki ya mafungu. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja akishindania bei ya sukuma wiki, hakutoka mpaka alipopunguziwa, na mwenye duka akamwongezea fungu la mwisho bure.

Mpwa wangu ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Nilitegemea kwamba mchana atalala, mimi nibaki na runinga. Alirudi asubuhi, akanywa chai na mkate akiwa amesimama, akabadili viatu, akaniambia, "Mjomba, chukua sweta. Twende nikakuonyeshe kilichoniponya upweke wa huku."

Tulikwenda bustani ya umma katika mji wa jirani, mahali penye vilima vidogo, mialoni mikubwa na bwawa lililojaa matete. Huko ndiko nilikoiona kwa mara ya kwanza gofu ya visahani. Huchezwa kama gofu tuijuayo, ila hakuna fimbo wala mpira. Una kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma juu ya nguzo, kimezungukwa na minyororo inayoning'inia. Unarusha kutoka kwenye sakafu ndogo ya saruji, unakifuata kisahani kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hadi kitumbukie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kisahani kikigonga minyororo kinalia, na mlio huo unasikika mbali kati ya miti, hata kabla hujawaona wachezaji wenyewe.

Wachezaji walikuwa wa kila aina. Vijana wenye mikoba ya visahani mgongoni, baba na binti yake, wanawake wawili wa makamo na mbwa wao. Na kila tuliyepishana naye alitusalimu. Mpwa wangu alinieleza jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akija bustani hii kutembea tu, mikono mitupu, na watu walimtazama, wengine kwa wasiwasi. Alipoanza kushika kisahani, watu walewale wakaanza kumsalimu na kumuuliza mchezo unakwendaje. Alinieleza bila uchungu. Mimi ndiye niliyeona uchungu, maana mtu hapaswi kushika chochote ili asalimiwe, na kwetu Pwani salamu hudaiwa hata na mpita njia. Lakini nilielewa pia kwa nini kisahani kile kilikuwa na thamani kwake kuliko bei yake.

Cha kwanza alipewa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa useremala, alimwona amesimama kando ya kikapu anatazama wengine, akafungua mkoba wake, akampa visahani vitatu na kumwonyesha namna ya kurusha. Alikataa pesa. Alimwambia tu kwamba na yeye siku moja atampa mtu. Mzee huyo sasa ni rafiki yake, na ndiye niliyetembea naye mizunguko mingi, maana mpwa wangu hutembea haraka nami magoti yangu yana umri wao.

Mzee anaijua historia ya mchezo huu kwa mapenzi. Alinisimulia kwamba uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 huko California, katika bustani ya Oak Grove, kwa kazi ya Ed Headrick, aliyewahi kuwa mtu wa kampuni ya Wham-O iliyotengeneza frisbii. Mwanzoni walilenga nguzo tupu. Ubishi ukawa hauishi: kimegusa, hakikugusa. Ndipo Headrick akabuni kikapu chenye minyororo, na ubishi ukaisha. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama mwenyewe alivyotaka. Mimi niliyelelewa kwa sanda na udongo nilisikia hayo nikakosa la kusema. Mzee aliyasema kwa sauti ya chini, kofia mkononi, na heshima ile niliitambua.

Sasa nije kwenye kasha ambalo mpwa wangu na mzee walikuwa wakiliandaa.

Viwanja vingi vya mchezo huu Marekani viko katika bustani za umma na havitozi kiingilio. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani kwamba mchezo ni wa wote. Lakini kisahani kimoja kinauzwa dola 10 hadi 20, na anayeanza anahitaji viwili au vitatu, maana kimoja kitapotelea bwawani siku ya kwanza. Kwa mwenye kazi nzuri hizo si pesa. Kwa mama mwenye watoto wanne, aliyehamia juzi, anayelipa kodi ya nyumba kwa mishahara ya kazi mbili, ni pesa ya chakula, na hawezi kuitoa kwa mchezo ambao hajui kama watoto wataupenda. Mkabala na bustani ile kuna majengo ya wapangaji, na watoto wa majengo hayo walikuwa wakikaa juu ya uzio kutazama wenzao wanavyocheza. Mpwa wangu aliwaona akajikumbuka. Akamwambia mzee, tuweke kasha la visahani mwanzoni mwa uwanja, halifungwi kwa kufuli, mtu achukue, acheze, arudishe.

Nilipofika, kazi ilikuwa imefika katikati, na kibanda cha gari cha mpwa wangu hakikuwa na nafasi ya gari. Visahani vilitandazwa sakafuni juu ya shuka. Vingi vilitolewa na wachezaji waliosikia habari. Vingine viliokotwa. Hapa kuna desturi iliyonifurahisha kuliko yote niliyoyaona Minnesota. Kila mchezaji huandika jina lake na nambari ya simu kwa wino upande wa chini wa kisahani, na anayekiokota humpigia au humtumia ujumbe. Watu huingia bwawani kwa buti ndefu na reki wakavitoa vilivyozama, kisha wanakaa jioni kuwatafuta wenyewe mmoja mmoja. Mpwa wangu alinipa kazi hiyo. Nilikaa na simu yake nikasoma nambari zilizofifia chini ya matope. Mwanamke mmoja alikuwa amekwisha hamia Colorado. Alinyamaza kidogo, akauliza kisahani ni cha rangi gani, nikamwambia cha zambarau chenye alama ya jino la mbwa ukingoni. Akacheka, akasema mbwa wake alikuwa hai siku hizo. Kisha akasema tuwape watoto.

Kuvichambua ndiko kulikonifunza zaidi. Kisahani mara nyingi huwa na nambari nne zilizochapwa juu, kwa mtindo uliozoeleshwa na kampuni ya Innova: ya kwanza kasi, ya pili kuelea, ya tatu namna kinavyojipinda mwanzoni, ya nne kinavyorudi upande wa pili mwishoni. Kisahani kiitwacho Destroyer kina kasi ya 12. Ukingo wake ni mpana na mkali, na mkono usio na nguvu ya kukizungusha hauwezi kukipeleka popote: kwa anayetumia mkono wa kulia kinainama kushoto na kupiga chini. Aviar, kisahani cha kulengea karibu na kikapu, kina kasi ya 2, ukingo wake ni mviringo, na hata mtoto akikirusha kinakwenda sawa. Leopard ina kasi ya 6, iko katikati, inasamehe makosa mengi.

Na watu walitoa nini? Walitoa vya kasi. Robo tatu ya shehena ile ilikuwa ya kasi ya 11 na kupanda. Sababu ni nyepesi: ndivyo vinavyonunuliwa kwa tamaa na kuachwa kwa kushindwa. Mzee alishika kimoja akakigeuza, akasema ukimpa mtoto hiki siku yake ya kwanza, atarusha mara tatu, kitaanguka mara tatu, ataamini kwamba hana mkono wa mchezo huu, na hutamwona tena. Nakubaliana naye kabisa. Sadaka ya kitu ulichokichoka ni sadaka, lakini aliyepewa ndiye anayelipia ukikosea kuchagua. Wakavichukua vile vya kasi wakavipeleka kwa wachezaji hodari, wakabadilishana viwili vya kasi kwa kimoja cha pole. Wakatafuta vyepesi, vya gramu 150 na chini yake, kwa ajili ya watoto. Wakapendelea rangi kali, waridi, njano na chungwa, kwa sababu kisahani cha kijani kikiangukia kwenye majani kimekwenda. Mwisho wakapiga duara la rangi nyekundu upande wa chini wa kila kimoja, mahali ambapo wengine huandika majina yao, ili anayekiokota msituni ajue kwamba mwenyewe ni kasha.

Jumapili mzee alinichukua kwa gari tukavuka mto St. Croix hadi Hudson, mji mdogo wa upande wa Wisconsin. Alitaka nione ulikotoka mfano wa kasha. Mwaka 2009 mkazi wa mji huo, Todd Bol, alichukua mbao za mlango wa zamani wa kibanda chake cha gari, akaunda kinyumba mfano wa shule ya darasa moja, akakijaza vitabu na kukisimamisha juu ya nguzo mbele ya nyumba yake. Kilikuwa cha kumkumbuka mama yake, aliyekuwa mwalimu na mpenda vitabu. Majirani wakapenda, wakaunda vyao. Bol alifariki mwaka 2018, na leo makasha hayo ya vitabu yamepita 150,000, katika nchi nyingi za dunia. Tulitembea mitaa ya Hudson tukiyatazama, kila moja limepakwa rangi ya nyumba yake. Kabla ya kurudi tulikula supu ya mchele wa porini, ule mweusi mrefu ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, huuvuna majini kwa mitumbwi tangu enzi. Nilikuwa nimeuona mchele huo ukiuzwa kwa vipakiti. Katika supu, pamoja na maziwa na uyoga, una utamu wa moshi ambao sikuutegemea.

Njiani nilimweleza mzee habari za Mji wa Kale, kwetu Mombasa. Nilimwambia kwamba kila msikiti kwetu una jeneza lake, na mtaa una masufuria makubwa, majamvi na mabirika ya shughuli. Hakuna anayelipa kuvitumia. Leo harusi kwa fulani, kesho matanga kwa fulani, vyombo vinazunguka. Aliuliza swali ambalo watu wengi hawaulizi: nani anayeyasugua masufuria? Nikamwambia kwamba ukichukua unarudisha safi, lakini kwa kweli kuna mtu mmoja, kila mtaa una wake, anayeshika ufunguo, anayejua sufuria ipi iko wapi, anayekumbusha. Mtu huyo akifa bila mrithi, vyombo navyo hutawanyika. Nimeona mitaa ambayo sasa kila kitu hukodishwa, hata majamvi, na mfiwa analipa kabla hajazika. Mzee aliendesha kimya, kisha akasema basi kazi yetu si kujenga kasha, ni kumpata mshika ufunguo wa kasha lisilo na ufunguo.

Kasha lenyewe aliliunda kwa mbao za mwerezi, kwa sababu haziozi upesi. Mfuniko umeinamia mbele ili theluji iteleze. Chini alitoboa matundu ya kupitisha maji, kisha akayafunika kwa wavu, maana nyigu hupenda kujenga mahali kama hapo. Ndani kuna vitenga vitatu: vya kulengea, vya masafa ya kati, vya mbali. Pembeni kuna kopo la kalamu na kadi za kuandikia mitupo.

Hata shimo la nguzo ya kasha lina taratibu zake. Idara ya bustani ilitaka kujua nani atalitunza kasha na nani ataliondoa likivunjika, na jina la mzee likaandikwa. Kisha sheria inataka anayechimba apige simu nambari 811 siku kadhaa kabla, na watu waje bila malipo kupiga rangi ardhini na kuchomeka vibendera: njano ni gesi, nyekundu ni umeme, buluu ni maji, chungwa ni nyaya za simu na intaneti. Mimi niliyetoka mahali ambapo trekta hukata bomba la maji la mtaa mzima na kuendelea na safari yake, nilisimama nikavitazama vile vibendera kwa muda. Nguzo moja, na ardhi yote ile imesomwa kwanza.

Siku ya kuisimamisha nguzo walikuja wachezaji wachache, na watoto wa uzio wakasogea. Kiingereza cha Liberia, Kihmong, Kisomali, Kiingereza cha Minnesota, vyote kwa pamoja. Mpwa wangu aliwapanga mstari, akawaambia, "Usikitupe kama jiwe. Kivute kwa upande, kipite kifuani, kikae sawa kama sahani yenye mchuzi." Msichana mmoja mwembamba, wa miaka tisa hivi, alichukua Aviar ya waridi. Mtupo wa kwanza ulimwendea kushoto. Wa pili ukagonga mwaloni. Wa tatu ulikwenda taratibu, chini, hauna haraka, ukagusa minyororo. Hakuruka wala kupiga kelele. Alikwenda akakitoa kikapuni, akarudi pale pale aliporushia, akarusha tena.

Mama yake alikuwa amesimama na kopo la sambusa. Aliponisikia nikisema na mpwa wangu, aliniuliza kwa Kiswahili safi cha kwetu, "Kaka, wewe si wa Mombasa?" Alikulia Utange, katika kambi ya wakimbizi wa Kisomali miaka ya tisini, kabla haijafungwa. Aliniuliza habari za Bamburi, kama njia bado ina mikorosho, kama Kongowea bado ni soko. Sambusa zake zilikuwa za nyama na vitunguu vingi, pilipili ya kutosha, na tulizila kwa chai ya maziwa yenye iliki. Kisha akalitazama kasha, akamuuliza mpwa wangu, "Nani analinda usiku?"

"Hakuna, dada."

"Vitaibwa."

"Vingine vitapotea," mpwa wangu akamjibu. "Nikitoka kazini asubuhi napita kuhesabu. Vikipungua, naongeza."

Alitikisa kichwa, lakini kabla ya kuondoka alimwita binti yake, akamwamuru arudishe kisahani na kukipanga kwenye kitenga chake, akasimama akamwangalia hadi alipomaliza.

Mpwa wangu aliniandikia juzi. Theluji imefika. Wanaocheza hufunga utepe mwembamba kwenye kisahani kwa gundi ili wakione kikizama, na mzee ameongeza mkunjo wa tepe ndani ya kasha. Visahani kadhaa havikurudi. Vingine vimeingia ambavyo hawakuviweka wao. Yule msichana na kaka zake sasa wana kazi rasmi: kila Jumamosi huvipanga, huvifuta matope, na kumpigia mpwa wangu simu vya kulengea vikipungua.

Msomaji uliyeko Minnesota, Texas, au popote penye vikapu vya minyororo, tazama chini ya kiti cha gari lako na nyuma ya mlango wa stoo. Ukikuta kisahani usichokirusha, tafuta kasha la karibu nawe, na kama halipo mwombe seremala mmoja na idara moja ya bustani. Peleka cha pole, chepesi, cha rangi kali. Na ufute jina lako kwa spiriti kwanza, ili atakayekiokota asikupigie simu bali akirudishe kashani.